Bw. David Harrington na Kazi ya Kuongoza Wapiga Nyuzi Wanne

Vijana wawili wa kidato cha tatu wameniuliza swali ambalo nadhani wengi wenu mnalo moyoni. Je, kupiga muziki ni kazi, au ni mchezo wa jioni tu? Mmoja wao aliniambia ya kuwa baba yake amemkataza kabisa kushika adungu, kwa sababu kwa maoni ya mzee huyo mwenye adungu ni mtu wa kufuata kwete kutoka nyumba hii mpaka nyumba ile, na mwisho wake ni kulala njiani. Sitaki kubishana na mzazi wa mtu. Lakini swali ni la haki, na badala ya kulijibu kwa maneno matupu nimeona afadhali niwaeleze habari za mtu mmoja ambaye tangu mwaka 1973 kazi yake imekuwa ni kupiga fidla na kuongoza wenzake watatu. Jina lake ni Bw. David Harrington, mtu wa Marekani, na kundi lake laitwa Kronos. Labda mtashangaa kwa nini mimi, mzaliwa wa Abuku, nifundishaye adungu na kwaya hapa shuleni nilikosoma, nijishughulishe na Mmarekani. Sababu ipo, nanyi mtaiona mbele.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya kundi lenyewe. Ni kundi la watu wanne: wawili hupiga fidla, mmoja viola, na mmoja selo. Kundi la namna hii huitwa kwateti. Viola ni kama fidla iliyokua kidogo, na selo ni kubwa hata mpigaji hukaa kitini na kuishika katikati ya magoti. Kila chombo kina nyuzi nne, na tofauti ya sauti kati ya uzi mmoja na wa pili ni ile ya do na so. Viola ipo chini ya fidla kwa hatua hiyo hiyo ya do na so, na selo ipo chini ya viola kwa do nzima mpaka do. Uta wake una nywele za mkia wa farasi, nazo hupakwa ulimbo mkavu ili zikamate uzi. Bila ulimbo zingeteleza wala usingesikia kitu. Shingo ya fidla haina alama za kuonyesha mahali pa kidole kama ilivyo shingo ya gitaa. Kidole kikikosea kwa upana wa punje ya ulezi, sikio la msikilizaji limekwisha kujua.

Sisi wa West Nile hatuna taabu ya kuelewa mpango huu, maana tunao. Adungu, ambayo asili yake ni kwa ndugu zetu Waalur na sasa imeenea kwa Walugbara, Wakakwa na wengine, haipigwi moja tu. Kuna ndogo ya kuongoza wimbo, kuna za katikati za kujaza, na kuna ile kubwa ya besi ambayo sanduku lake laweza kumficha mtoto. Zote ni jamaa moja, zenye umbo moja, zikitofautiana kwa ukubwa na sauti. Kwateti ni jamaa ya namna hiyo hiyo, ila wao hutumia uta na sisi hutumia vidole.

Mtunzi aliyeipa kwateti sura yake ni Joseph Haydn wa Austria, aliyeishi tangu 1732 hata 1809, naye aliandika kwateti 68. Baada yake wakaja Mozart, Beethoven na Schubert. Nawataja hawa wanne kwa makusudi, mwashike kichwani.

Sasa, kiongozi wa kwateti ni nani? Ni yule mpiga fidla wa kwanza. Hapana mtu wa kusimama mbele na kijiti kama kwenye kwaya kubwa. Yeye mwenyewe anapiga, mikono yake yote miwili imeshughulika, kwa hiyo huongoza kwa pumzi. Kabla ya sauti ya kwanza huvuta pumzi na kuinua fidla kidogo, na katika ile pumzi wenzake husoma mambo yote: mwendo utakuwa wa haraka au wa pole, sauti itakuwa kubwa au ndogo, uta utaanza kwa ukali au kwa upole. Tazameni mchezaji ngoma mkuu kabla hajaanza, mtaona jambo lilo hilo. Lakini hiyo ni kazi yake ya jukwaani, saa mbili usiku. Mchana ana kazi nyingine, nayo ndiyo hasa ninayotaka kuieleza, kwa kuwa ndiyo iliyomfanya Bw. Harrington ajulikane kuliko wapigaji wengine wenye vidole vyepesi zaidi. Kazi hiyo ni kuchagua nini kipigwe.

Bw. Harrington alizaliwa mwaka 1949 katika Portland, Oregon, akakulia Seattle, mji ulio kaskazini-magharibi ya Marekani. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili alipata santuri ya kwateti moja ya Beethoven, iliyopigwa na kundi lililoitwa Budapest. Aliposikia sauti za kwanza, watu wanne wakiingia pamoja kwa nguvu, alitafuta wenzake watatu ili naye aijaribu. Miaka miwili hivi baadaye, kijana huyu alikuwa akitazama tufe la dunia, lile la ramani linalozunguka. Akagundua jambo lililomstaajabisha. Haydn, Mozart, Beethoven, Schubert, yaani karibu kwateti zote alizokuwa amezipiga, zilitoka kwa watu wanne walioishi katika mji mmoja tu, Vienna. Akalizungusha lile tufe akajiuliza: je, mahali pengine pote hapa pana sauti gani?

Nalipenda swali hili kwa kuwa liliulizwa na mvulana wa rika lenu, na kwa kuwa hakulisahau. Watu wengi hujiuliza maswali mazuri wakiwa na miaka kumi na minne, kisha hupata mtihani wa kufanya.

Usiku mmoja mwaka 1973 alisikia redioni utungo uitwao Black Angels, yaani Malaika Weusi, wa Mmarekani mwenzake George Crumb. Utungo huo uliandikwa mwaka 1970, wakati Marekani ilipokuwa ikipigana Vietnam, na mtunzi mwenyewe aliandika juu ya karatasi kwamba umetungwa wakati wa vita. Ni kwateti, lakini si ya Vienna. Vyombo huunganishwa na umeme hata vipige kelele kama wadudu wakubwa. Wapigaji huvaa vikofia vya fundi cherehani vidoleni, hugonga matari ya shaba, na hupitisha uta juu ya bilauri zilizotiwa maji. Tena huhesabu kwa vinywa vyao, wakinong'ona na kupaza sauti, kwa lugha mbalimbali: Kijerumani, Kifaransa, Kirusi, Kihungari, Kijapani, na Kiswahili. Ndiyo, wasomaji wangu, Kiswahili! Ile kazi iliyomgeuza Bw. Harrington maisha yake ilikuwa na lugha yetu ndani yake, hata kabla yeye hajaijua Afrika.

Bw. Harrington alikuwa kijana wa umri wa kupelekwa vitani, na kama vijana wengi wa nchi yake alikuwa akitafuta muziki wa kupiga wakati kama ule. Aliposikia utungo wa Crumb alijua amekwisha kuupata, akaamua kuanzisha kundi kwa ajili ya kuupiga. Angaliani mpango ulivyokuwa: hakuunda kundi kisha akatafuta la kupiga. Alipata kwanza kitu ambacho hakingeweza kukaa bila kupigwa, kisha akatafuta watu. Kundi likaitwa Kronos, jina lililotoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya wakati.

Mwaka ule ule alimwomba mwalimu wake wa utunzi, Bw. Ken Benshoof, aliandikie kundi utungo mpya. Fedha hapakuwa. Malipo yalikuwa mfuko mmoja wa donati, maandazi ya Kimarekani yale yenye tundu katikati. Utungo ukaandikwa, na jina lake ni Traveling Music. Tangu mfuko ule hata leo, Kronos wameagiza tungo mpya na mipango mipya ya nyimbo zaidi ya 1,000. Nadhani hakuna kwateti nyingine duniani iliyoagiza nyingi hivyo.

Mpate kuelewa uzito wa neno hili kuagiza. Mtunzi huandika kwa miezi, na lazima ale. Basi mwenye kundi hutafuta fedha kwa watu na mashirika, huandika barua, hungoja majibu. Mwanzoni nani atatoa fedha kwa ajili ya kitu ambacho hakijakuwako? Na utungo ukifika, wapigaji wanne hukaa nao siku nyingi, na pengine hupigwa mara chache tu kisha huwekwa kabatini. Hawajui mapema. Mimi nimezisikiliza tungo zao nyingi katika simu, usiku, mtandao ukikubali, na nasema kweli zipo nyingine ambazo nilitamani ziishe upesi. Lakini anayetaka kupata mbegu moja njema hupanda debe zima.

Mwishoni mwa miaka ya sabini kundi lilihamia San Francisco, na hapo ndipo lilipotulia. Bw. Harrington na Bw. John Sherba walipiga fidla, Bw. Hank Dutt viola, na Bibi Joan Jeanrenaud selo. Wanne hawa walikaa pamoja tangu 1978 hata 1999, miaka 21. Hebu fikirini: ndoa nyingi hazifiki hapo, nao walikuwa wanne! Bibi Jeanrenaud alipoondoka wengine walishika selo mmoja baada ya mwingine, lakini mabwana wale watatu waliendelea pamoja mpaka mwaka 2024, Bw. Sherba na Bw. Dutt walipostaafu. Bw. Harrington, mwenye umri wa karibu miaka 75 wakati huo, akaanza tena na wenzake wapya.

Miaka hiyo alikutana na mtunzi Terry Riley. Bw. Riley alikuwa amekaa miaka mingi bila kuandika muziki juu ya karatasi; alikuwa amejifunza uimbaji wa Kihindi, na alipiga kama moyo ulivyomtuma. Bw. Harrington hakuacha kumwomba. Aliomba, akaomba tena, mpaka Bw. Riley akaandika, na tangu hapo amewaandikia Kronos tungo zaidi ya ishirini. Mwaka 1995 Bw. Harrington alipatwa na msiba mkubwa: mwanawe Adam, mwenye umri wa miaka 16, alianguka akafa walipokuwa matembezini mlimani. Bw. Riley alimwandikia kijana huyo utungo wa maombolezo uitwao Requiem for Adam, nao Kronos wakaupiga, baba mwenyewe akiwa kwenye fidla ya kwanza. Kwetu mtu akifa watu hutunga wimbo wenye jina lake, na wafiwa huucheza. Sidhani kwamba kuna mzee wa Abuku atakayehitaji kuelezwa kwa nini baba yule alipiga mwenyewe na hakumwachia mwingine.

Sasa nafika kwenye sababu niliyoahidi. Mwaka 1992 Kronos walitoa santuri iitwayo Pieces of Africa, yaani Vipande vya Afrika. Ndani yake mna kazi za watunzi saba, wote waliozaliwa katika bara hili, na wote walikuwa hai siku ile: Dumisani Maraire wa Zimbabwe, Hassan Hakmoun wa Moroko, Foday Musa Suso wa Gambia, Obo Addy wa Ghana, Kevin Volans wa Afrika Kusini, Hamza El Din wa Nubia, na Justinian Tamusuza wa Uganda. Santuri hiyo ilishika nafasi ya kwanza katika orodha mbili za gazeti la Billboard la Marekani, ile ya muziki wa kiklasiki na ile ya muziki wa mataifa, jambo ambalo santuri nyingine haikuwa imelifanya.

Juu ya Bw. Hamza El Din niseme neno moja, kwa kuwa tunao Wanubi wengi Arua na Koboko, na kijana mmoja alinishangilia akidhani ni wa kwao. Sivyo. Wanubi wetu ni wazao wa askari waliofika huku na Emin Pasha katika miaka ya 1880, na lugha yao ni Kinubi, kilichotoka katika Kiarabu. Bw. Hamza alikuwa Mnubia wa mto Nile wenyewe, kusini ya Misri, kijiji cha Toshka, na kijiji hicho kilizama chini ya maji baada ya bwawa la Aswan kujengwa. Utungo wake waitwa Escalay, yaani gurudumu la kuteka maji, nao huzunguka polepole kama gurudumu linalovutwa na ng'ombe. Alifariki mwaka 2006 katika California.

Bw. Tamusuza alizaliwa mwaka 1951 katika Buganda. Alisoma Belfast katika Ireland ya Kaskazini, ambako Bw. Volans alikuwa mwalimu wake, kisha akapata udaktari wa muziki katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, na amefundisha Makerere. Mwaka 1988 aliandika kwateti iitwayo Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, maana yake Katika Njia ya Msalaba. Sehemu yake ya kwanza ndiyo iliyomo katika santuri ya Kronos, na jina lake ni Ekitundu Ekisooka, yaani Sehemu ya Kwanza, jina lisilo na madaha hata kidogo.

Mkitaka kujua alivyofanya, kumbukeni amadinda ya Buganda. Ni mbao kumi na mbili zilizolazwa juu ya migomba, na watu watatu huzipiga. Wa kwanza hupiga wimbo wake kwa mwendo ulio sawa. Wa pili, aliyekaa mbele yake, hupiga wimbo mwingine katika nafasi zilizoachwa na wa kwanza, pigo lake likiangukia katikati ya mapigo ya mwenzake. Wa tatu huokota sauti mbili za chini na kuzirudia kwenye mbao mbili za juu kabisa. Msikilizaji hasikii nyimbo mbili. Husikia wimbo wa tatu, wenye mwendo wa mbio, ambao hapana hata mmoja kati yao anayeupiga. Umezaliwa hewani, kati ya mikono yao. Akili hii ndiyo Bw. Tamusuza aliyowapelekea wapigaji wanne wa San Francisco. Anazigawa sauti fupi fupi kati ya vyombo, huyu akidonoa uzi kwa kidole, yule akijibu, hata kwateti isikike kama kundi la ngoma za nyumbani. Na mjue kwamba Buganda walikuwa na fidla yao ya uzi mmoja, endingidi, na Wajaluo wa Kenya wana orutu. Uta juu ya uzi si kitu kigeni Afrika ya Mashariki. Pwani ya Unguja fidla ya nyuzi nne imo katika taarabu siku nyingi, na hapana anayeiita ya kigeni.

Wako watu, nami nawaheshimu, wasemao kwamba kuandika ngoma ya kwetu kwa ajili ya fidla za Wazungu ni kuitoa roho. Husema: amadinda inasikika vizuri juu ya migomba, iacheni pale pale. Nimelifikiri neno hili sana. Jibu langu ni kwamba Bw. Tamusuza hakuichukua amadinda akaipeleka Marekani kama mtu anayeuza ngoma za sanaa kwa watalii. Alitunga kitu kipya, na aliyetunga ni yeye, jina lake lipo juu ya karatasi, na mpigaji yeyote anayetaka kuupiga lazima ajifunze kuhesabu kama Mganda. Bw. Sherba na wenzake walikuwa mafundi, lakini mbele ya karatasi ile walikuwa wanafunzi. Hilo ni tofauti kabisa na mgeni kuja na mashine ya kunasa sauti, kumpiga mzee picha, na kuondoka.

Lakini jambo lingine halinipi raha. Katika orodha ile ya watunzi saba hamna mtu wa West Nile, na katika tungo zaidi ya elfu sijaona hata moja iliyotoka kwenye adungu. Sisemi hivi kumlaumu Bw. Harrington. Yeye alilizungusha tufe lake, akaomba kwa watu waliokuwa na kitu cha kumpa. Kwetu ni nani ambaye angepewa barua ile? Mzee aliyenifundisha mimi adungu, huko Abuku, hakujua kuandika hata jina lake. Alikimbilia Sudan pamoja na wengi wetu baada ya vita vya 1979, akarudi, na alikuwa na nyimbo za safari ile ambazo zilitaja vivuko na vijiji kimoja kimoja, na watu waliofia njiani. Mimi nazijua kumi na moja. Yeye alizijua nyingi kiasi kwamba alikuwa akianza mmoja jua likizama, na jogoo akiwika hajarudia. Amefariki. Hizo nyingine hazipo tena mahali popote.

Kwa sababu hii namwona Bw. Harrington kuwa na maana kwetu kuliko mpigaji hodari tu. Wapiga fidla hodari wapo maelfu. Yeye kazi yake imekuwa kugonga milango ya watu walio hai na kusema: tafadhali, andika, mimi nitapiga. Alimwomba Bibi Franghiz Ali-Zadeh wa Azabajani, alimwomba Bibi Tanya Tagaq anayeimba kwa koo katika nchi ya barafu ya Kanada, alipiga pamoja na Bibi Wu Man wa China. Hata Asha Bhosle, ambaye baba zenu wanamjua kutokana na sinema za Kihindi, aliimba na Kronos katika santuri ya mwaka 2005. Mwaka 2011 walipewa Sweden tuzo iitwayo Polar, ambayo wakati huo ilikuwa kroni milioni moja za nchi hiyo.

Najua yule mzazi atauliza habari ya riziki, na ana haki. Kronos ni shirika lisilogawana faida, lenye ofisi na watumishi wanaotafuta fedha, wanaopanga safari, wanaolipa watunzi. Wapigaji wenyewe husafiri miezi mingi kila mwaka, na mazoezi ni ya kila siku kama kazi ya karani. Utajiri sio, lakini ni kazi, na mtu amelea watoto kwayo kwa zaidi ya miaka hamsini. Hapa kwetu njia ni nyembamba zaidi, wala sitamdanganya mtu. Walakini njia ipo. Unguja kilifunguliwa chuo cha muziki wa nchi za majahazi mwaka 2002, ambako vijana wamejifunza fidla ya taarabu. Kinshasa, katika nchi ya jirani zetu, kuna okestra ya Wakimbangu iliyoanza 1994. Mwanzoni fidla hazikutosha, wakawa wanapokezana moja, na uzi ulipokatika waliweka waya wa breki ya baiskeli. Nani kati yenu hana baiskeli?

Jambo la mwisho ni la manufaa kwa shule. Tangu mwaka 2015 Kronos waliagiza tungo hamsini kwa ajili ya vijana wanaojifunza, kutoka kwa wanawake na wanaume kwa idadi sawa. Wamo Fodé Lassana Diabaté wa Mali, mpiga balafoni, na Angélique Kidjo wa Benin. Karatasi za noti zote hutolewa bure. Mtu yeyote mwenye mtandao aweza kuzichukua na kuzichapa. Nimechapa moja Arua, kurasa nane, nikaziandika upya kwa do re mi ili adungu nne za shule zizijaribu: ndogo ishike fidla ya kwanza, mbili za katikati fidla ya pili na viola, na ile ya besi ishike selo. Kazi si nyepesi. Adungu zetu zimefungwa kwa sauti saba za nyimbo za kanisani, na utungo ukitaka nusu ya sauti hatuna uzi wake, kwa hiyo tunafungua na kufunga upya katikati ya kupiga, na yule wa besi hukasirika. Tumefika ukurasa wa tatu. Pamoja na hayo, kijana mmoja wa kidato cha nne anaziandika zile nyimbo kumi na moja za mzee, na tano tayari zimo katika daftari.

Tunakutana kila Jumamosi saa tisa, baada ya kufua, chini ya mwembe ulio nyuma ya jiko. Atakayekuja alete uzi wa kuvulia samaki, ule mnene, kwa maana wa shule umekwisha. Na wanafunzi wa zamani mlio mbali, kama kwenu yuko mzee au mama anayezikumbuka nyimbo za miaka ya Sudan, nipelekeeni habari kwa mkono wa mhariri. Nitakuja mwenyewe.